Wazee na Vijana katika Ushabiki wa Yanga na Simba

Atokaye Mtaa wa Msimbazi, iliko klabu ya Simba, akakata mitaa ya Kariakoo hadi Twiga na Jangwani, iliko Yanga, hatembei mwendo mrefu. Ujirani huo una asili yake. Yanga iliundwa mwaka 1935, na mwaka uliofuata baadhi ya wanachama wake walijitenga wakaunda chama kingine, ambacho baada ya majina kadhaa, likiwamo Sunderland, kiliitwa Simba mwaka 1971. Ni ndugu waliogombana, basi, na ushabiki wao umechukua sura ya utani, ule ambao makabila yetu yalikuwa nao tangu zamani.

Na utani hurithiwa. Mwaka 1968 Yanga iliifunga Simba mabao 5 kwa 0. Mwaka 1977 Simba ikalipa kwa 6 kwa 0. Kijana wa Yanga aliyezaliwa miaka mingi baadaye hudaiwa mabao hayo sita vibarazani, penye kahawa, kana kwamba ni yeye aliyekuwa golini. Mzee huyasimulia alivyoyaona uwanjani au alivyoyasikia katika Radio Tanzania, na kijana hunyamaza, maana hakuwapo.

Lakini tusidhani kwamba watu wa rika zote waliafikiana sikuzote. Kwa wazee, klabu ilikuwa kadi ya uanachama, jengo, na mkutano mkuu. Asiye na kadi alikuwa mpenzi tu, apige kelele atakavyo. Katikati ya miaka ya 1970 Yanga ilipasuka makundi mawili, Kandambili na Raizoni, na waliotoka wakaunda Pan African. Majina yale yatueleza mengi: kandambili ni kiatu cha mtu asiyetaka makuu, raizoni kilikuwa kiatu cha soli nene, fahari ya vijana wa siku zile. Kwa maoni yetu, ugomvi ule haukuwa wa mpira peke yake. Ulihusu nani mwenye nyumba.

Swali hilo lilibisha hodi Msimbazi mwaka 2017, wanachama wa Simba walipomkubali mwekezaji. Kwa vijana wengi wa leo, jezi ndiyo kadi. Nao wana mabao yao ya kudai: 5 kwa 0 ya Simba mwaka 2012, na 5 kwa 1 ya Yanga mwaka 2023. Barazani, babu wa Simba aanzapo kuhesabu ya 1977, mjukuu wa Yanga humkatiza kwa adabu: "Shikamoo babu. Tuanze na ya juzi."