Mkono wa Tatu wa Fundi: Habari za Jiliwa katika Pwani ya Kilwa na Lindi

Wazee wetu wa Kilwa, waliosimamisha Msikiti Mkuu kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na ambao biashara yao ilishuka kusini hadi Sofala kufuata dhahabu, hawakuwa na jiliwa, kile chombo kinachobana kazi kwa mataya ya chuma. Na jambo hili, ambalo kwa fundi wa leo laonekana kuwa upungufu mkubwa, ndilo ninalotaka tulitazame kwa wasaa kabla ya kuingia dukani kununua chombo hicho kwa bei tunayoimudu. Kwani mtu asiyejua kazi ilikuwaje ilipokuwa ikishikwa kwa mguu, kwa kamba na kwa kabari, hawezi kujua yale mataya ya chuma yanamfanyia nini, na asipolijua hilo atanunua rangi na uzito tu.

Ufundi wenyewe haukukosekana. Al-Idrisi, aliyeandika katika karne ya 12, alitaja chuma cha Sofala kuwa bidhaa iliyotakiwa sana na watu wa Bara Hindi. Na Ibn Battuta, alipofika Kilwa mwaka 1331 katika zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliuhesabu mji ule miongoni mwa miji mizuri iliyojengwa vyema, akataja majengo yake ya mbao. Palipo na mbao pana seremala, na palipo na chuma pana mhunzi, na wote wawili hukabiliwa na shida moja tangu dunia iumbwe, nayo ni kwamba binadamu ana mikono miwili tu, ilhali kazi yataka mitatu: mmoja wa kushika chombo, mmoja wa kukisukuma, na mmoja wa kuzuia kitu kinachofanyiwa kazi kisitoroke.

Mkono huo wa tatu ulipatikana kwa njia nyingi. Seremala wa pwani aliketi chini, akaukanyaga ubao kwa wayo na kuupitishia tezo mbele ya vidole vyake kwa hadhari ambayo mwanafunzi hakuipata ila kwa miaka. Mwenye keezo, aliyekereza matendegu ya vitanda, alivuta upinde kwa mkono mmoja ili mti uzunguke, akaiongoza patasi kwa mkono wa pili na vidole vya mguu, hata mtazamaji akadhani kwamba mguu ule una akili yake peke yake. Muunda vyombo, alipotaka ubao ukubali kupinda na kulala juu ya mataruma, aliufunga kwa kamba, akaisokota kamba ile kwa kijiti mpaka ikalia, kisha akapigilia kabari. Na katika mtepe, chombo kisichojua msumari, kamba ya makumbi haikuwa ya kushikia kwa muda tu, bali ndiyo iliyobaki humo kuwa mshono. Mhunzi naye alikuwa na koleo yake mbele ya fuawe. Na hata leo, katika nchi ya Wamakonde nyuma ya Lindi, mchongaji hukibana kigogo cha mpingo kwa miguu yake, akakigeuza atakavyo kwa wepesi usiowezekana kwa chombo chochote kilichopigiliwa mezani.

Sisemi haya kwa kuwahurumia. Mguu una hisia, nao hujua mti unapotaka kupasuka kabla haujapasuka. Lakini mguu una mpaka wake, na mpaka huo ni tupa. Anayepiga tupa sawasawa hushika mpini kwa mkono wa kulia na ncha kwa mkono wa kushoto, akausukuma mwili mzima mbele, na kipande cha chuma kilicho mbele yake hakina budi kutulia kabisa. Kikitikisika hata unene wa unywele, uso unaonyooshwa hutoka na tumbo. Kazi hiyo haiwezekani kwa wayo.

Kinachofanya jiliwa liwe jiliwa ni parafujo, na neno hili, kama lile la meza ambayo jiliwa hufungwa juu yake, lugha yetu ililichukua kwa Wareno, watu ambao Kilwa iliwaona wakija kudai kodi na Vasco da Gama mwaka 1502, kisha wakija na Francisco de Almeida mwaka 1505 kuuteka mji na kujenga ngome waliyoihama mwaka 1512. Hesabu ya parafujo ni nyepesi. Mpini ukiwa na sentimita 15 kutoka katikati, ncha yake huzunguka duara ya sentimita 94 hivi, na katika mzunguko huo mmoja taya husogea labda nusu sentimita; basi nguvu ya mkono huzidishwa, kwa hesabu ya karatasi, mara 188, na hata msuguano ukila sehemu kubwa, kinachobaki chatosha kukituliza chuma ambacho watu wawili wasingeweza kukizuia.

Jiliwa lenyewe likaenea nyuma ya mashine. Wamishonari wa Kibenediktini, ambao vituo vyao vya Lukuledi na Nyangao viliteketea katika vita vya Maji Maji mwaka 1905, walianzisha Ndanda mwaka 1906, na humo, pamoja na kanisa na hospitali, wakaweka karakana zilizofunza vijana useremala na uhunzi. Miaka michache baadaye, katika Vita Kuu ya Kwanza, manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha katika delta ya Rufiji, kaskazini ya Kilwa. Vipande vya mitambo yake vilivyoharibika vilikokotwa na maelfu ya watu wetu kwa nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam, vikatengenezwa, vikarudishwa. Na ilipozamishwa Julai 1915 mizinga yake 10 ilitolewa mtoni ikaendelea kupigana bara. Vitabu huwataja manahodha na majenerali, wala haviwataji waliovuta kamba wala waliosimama mbele ya meza na tupa mikononi, nami naona hiyo ni dhuluma ya kalamu.

Kisha ukaja Mradi wa Karanga, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951 baada ya kumeza paundi milioni 36 hivi za Waingereza. Nachingwea, nyuma ya Lindi, ilikuwa mojawapo ya sehemu zake tatu. Karanga hazikuota kama zilivyotarajiwa, na reli iliyojengwa kwa ajili ya mradi huo iling'olewa katika miaka ya 1960. Lakini trekta haziendi mahali ila karakana iende nazo, na karakana haiwezi kufanya kazi ya siku moja bila jiliwa. Hata hivyo zana zilibaki adimu kusini kwa muda mrefu, kwa kuwa mpaka Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, njia ya nchi kavu ilitegemea kivuko cha Rufiji, na masika yaliposhuka barabara ilikatika. Adha hiyo iliwafunza mafundi wa Kilwa na Lindi kukitazama chombo kikuukuu kwa jicho la heshima.

Na hapo ndipo tunapoingia dukani. Majiliwa, ambayo vijana wa gereji huyaita vaisi, ni ya namna nyingi. Lile la mguu la mhunzi hufuliwa kwa chuma kigumu na mguu wake hushuka hadi sakafuni kupokea kishindo cha nyundo. Lile la seremala hulala sawasawa na uso wa meza. Na lile la kawaida la fundi chuma ndilo linalofaa nyumba nyingi, nalo likiwa na mataya ya inchi 4, yaani milimita 100 hivi, hutosha kunyoosha jembe, kukata bomba na kunoa msumeno. Aghalabu la bei ndogo huwa la chuma cha kusubu, ambacho hustahimili kubanwa lakini hakistahimili kugongwa. Niliwahi kununua jipya linalong'aa, nikaligonga kwa nyundo siku ile ile, taya likapasuka kama chungu. Kosa lilikuwa langu kwa kutolijua hilo.

Kwa hiyo usilitazame rangi. Lifungue karibu na mwisho, ulishike taya linalosogea na kulitikisa juu na chini: likicheza sana, liache. Lifunge juu ya vipande viwili vya karatasi, kimoja kila upande, uvivute. Kimoja kikitoka bure, mataya hayakutani. Itazame parafujo, kwani meno ya mraba hudumu kuliko meno makali ya pembe tatu. Ligonge kidogo kwa kijiti cha chuma: lililo zima hulia, lililopasuka hunong'ona. Kagua kama vibao vya mataya vyaweza kufunguliwa na kubadilishwa, na kama pana alama ya kuchomelewa, kwani chuma cha kusubu kilichochomelewa si cha kuaminiwa. Likishafika nyumbani, lifunge kwa bolti zinazopenya meza nzima, juu ya mguu wa meza, mataya yakiwa usawa wa kiwiko chako. Weka vibao vya mninga kati ya mataya unaposhika mti. Na kwa kuwa hewa yetu ni ya chumvi, ipake parafujo grisi kila mwezi.

Kati ya jipya la bei ndogo lisilojulikana na kuukuu la karakana ya zamani lililoliwa kutu juujuu, lakini ambalo parafujo yake ni nzima na mataya yake yanakutana, mimi humwambia kijana anayeanza achukue kuukuu. Kutu ya juu huondoka kwa mafuta ya taa na brashi ya waya katika alasiri moja.