Kusufle: Kesi za Mchezo wa Dame Kwetu Luano

Siku ya Mungu kisha misa, sisi watu wa Luano tunajua mahali pa kuwakuta wazee: chini ya muembe, wameinamia ubao wa dame. Ubao ni karton iliyochorwa miraba 100, kumi kwa kumi, na kete ni vifuniko vya bia ya Simba, vya huyu uso juu, vya yule uso chini. Kelele inayofika mpaka barabarani si ya furaha kila mara. Mara nyingi ni kesi.

Tuliona shindano la kartiye mbili likivunjika kwa kesi ya namna hiyo. Ilikuwa mechi ya mwisho na timu zilikuwa sawa. Kijana alikuwa na kete ya kula, hakuiona, akasogeza ingine. Mzee aliyekuwa mbele yake akanyosha mkono, akaondoa ile kete iliyoacha kula, akaipuliza: «Nimekusufle. Sasa nacheza.» Kijana akasimama: «Papa, ile mambo haiko tena! Unapashwa kuniacha nirudishe, nikule.» Mzee akajibu: «Mtoto, mi nilianza dame mbele baba yako aoe.» Watu wakagawanyika, vifuniko vikamwagika, na tangu siku ile kartiye zile mbili zilikaa muda mrefu bila kualikana.

Ubaya ni kwamba hakuna aliyekuwa mwongo. Kusufle, yaani kupuliza, ilikuwa sheria ya kweli. Katika Ulaya, kwa karne nyingi, mwenye kusahau kula alinyanganywa kete, na mpinzani akacheza zamu yake juu ya hiyo. Wachezaji wa mashindano waliiacha mwanzoni mwa karne ya 20, lakini nyumbani na kwenye vilabu vya pombe iliendelea, na ndiyo wazee wetu walifundishwa. Leo, katika sheria za shirikisho la dunia lililoundwa mwaka 1947, mchezaji akikosea, mpinzani ndiye anachagua: kosa lisahihishwe, ama mchezo ubakie vile ulivyo. Kwa hiyo hata kijana hakujua yote. Kurudisha haikuwa haki yake ya kudai.

Kuna tena jambo la mji wetu. Reli ilifika hapa mwaka 1910 ikitoka kusini, na miaka ile Union Minière iliajiri watu wengi wa Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Dame ya Waingereza ni ingine: miraba 64, kete 12 kwa kila mmoja, kete ya kawaida hailii nyuma, na dame yenyewe inatembea mraba mmoja tu. Ya Wabelgiji na Wafaransa ina kete 20, inakula mbele na nyuma, dame inaruka mbali, na ukiwa na njia mbili za kula unalazimishwa kufuata ile yenye kete nyingi. Kwa Mwingereza unachagua mwenyewe. Tunaona si ajabu mji uliojengwa na watu wa pande zote mbili ukawa na wajuzi wawili kwenye ubao mmoja. Hata kisolo ya Baluba, yenye mistari minne ya matundu, kijiji na kijiji kina namna yake. Mgeni alipashwa kuuliza kwanza.

Wakubwa nao walikuwa na kesi. Baba Sy wa Senegal alipashwa kupambana na Kuperman wa Umoja wa Kisovieti mwaka 1963 kwa ubingwa wa dunia. Mechi haikuchezwa. Baba Sy akafa mwaka 1978, na ni mwaka 1986 tu shirikisho lilimtambua kuwa bingwa wa 1963. Miaka nane kaburini!

Turudi Luano. Kesi ya mzee na kijana ilishindikana kukatwa sababu moja: vifuniko vilipomwagika, kila mtazamaji alikuwa na kumbukumbu yake. Huyu anasema kete ilikuwa hapa, yule anasema pale. Ndipo sisi walimu tulileta daftari. Miraba myeusi ya dame ina namba, 1 mpaka 50, kuanzia upande wa mwenye kete nyeusi. Ukiandika 32-28 kila mtu anajua kilichotembea. Mwanafunzi mmoja anakaa pembeni na kuandika, na mbele ya mechi kapiteni wawili wanasoma kwa sauti: kusufle iko ama haiko, kete inakula nyuma ama hapana, wingi unalazimisha ama hapana, kete iliyoguswa inachezwa. Wazee walinunguna kwanza, wakasema tunaleta mambo ya biro mpaka chini ya muembe.

Yule mzee alikubali kucheza tena, kwa masharti kwamba kusufle isiweko. Alishindwa na msichana wa sekondari. Akanyosha mkono kwa mwandishi: «Leta kaye, nione ni wapi nilikosea.»