Kiboko kwa Macho, Mbega kwa Masikio

Mito ya Uru, mteremkoni mwa Kilimanjaro, haibebi boti. Rau hushuka kwa kasi juu ya mawe, na maji mengine huelekezwa vihambani kwa mfongo, mfereji uliochimbwa na wazee wa Kichaga kwa kufuata mteremko. Kwa hiyo mtu wa huku akitaka kuona mnyama huenda kwa miguu, na mara nyingi humsikia kwanza. Alfajiri mbega dume hunguruma juu mtini, mwenzake wa ng'ambo ya bonde akajibu. Ukiinua macho, ukibahatika, utaona mkia mweupe tu ukining'inia kati ya majani.

Rufiji, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere iliyoanzishwa mwaka 2019, mambo ni kinyume. Watu wamejaa boti moja, nahodha anapunguza mwendo, kidole kimoja kikinyooshwa shingo zote zinageuka. Kiboko hatafutwi sana. Mchana hushinda majini kwa kuwa ngozi yake hukauka upesi juani, na malisho yake huyangojea usiku. Ila naye ni bahili: hukuonyesha macho, masikio na matundu ya pua, basi.

Uganda kuna Kazinga, mlangomaji wa asili uunganishao Ziwa George na Ziwa Edward. Tembo na nyati hushuka hapo kunywa maji, na wavuvi wana vijiji vyao humohumo ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth. Hapo ndipo ninapoona tofauti iliyo kubwa kuliko ya nchi na nchi: ya mwenye tiketi na mwenye nyavu. Kiboko akizama, wa kwanza amekosa picha. Wa pili, aliye kwenye mtumbwi, anajiuliza ataibukia wapi.

Kule Sabah, Malaysia, kisiwani Borneo, boti za mto Kinabatangan hutoka jioni kumfuata kima mwenye pua kubwa. Huyu ni wa ukoo mmoja na mbega wetu. Wote ni walaji wa majani, wenye tumbo la vyumba vya kuchachushia chakula. Lakini yule wa Borneo hupenda kulala kwenye miti ya ukingoni, hivyo mto ndio baraza la kumtazamia. Mbega hana miadi ya namna hiyo na mto. Anachohitaji ni matawi yanayokaribiana, na Uru mwenye kumtafuta hana budi kusimama kimya chini yake, kazi ambayo kundi la watu kumi, nakiri, huiweza kwa shida.

Maji yenyewe hayachagui. Rau huingia Ruvu, Ruvu hujaza bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo Pangani huyapeleka baharini. Karibu na mdomo wake, kati ya minazi, watu hupanda boti kutazama ndege, jicho moja likimtafuta mamba.