Pengo Linalohama

Wahehe husimulia kwamba ukoo wao wa kitawala ulianza na Mufwimi, mwindaji mgeni aliyefika Ng'uluhe, akazaa na Semduda, binti wa mtawala, kisha akaenda zake akiacha agizo la jina la mtoto. Ukija zama za mtawala wao Mkwawa masimulizi yanafurika. Lugalo, 17 Agosti 1891: Emil von Zelewski, kamanda wa Wajerumani ambaye wenyeji walimbandika jina la Nyundo, anachomwa mkuki akiwa juu ya punda. Lakini kati ya mtoto wa Semduda na Munyigumba, baba yake Mkwawa? Fulani alimzaa fulani, basi.

Jan Vansina, mwanahistoria Mbelgiji aliyekusanya masimulizi Kongo, Rwanda na Burundi, aliipa hali hiyo istilahi katika kitabu chake cha mwaka 1985. Neno kwa neno ni "pengo linaloelea". Siipendi tafsiri hiyo. Kinachoelea huenda popote, na jambo likikuelea maana yake umelifahamu, kinyume kabisa cha pengo. Hili la Vansina lina mwelekeo mmoja: linatufuata. Kwa Watio wa Kongo, mnamo 1880 kumbukumbu nzito ilirudi nyuma hadi 1800 hivi. Kufikia 1960 ilikomea karibu na 1880. Ndiyo maana nasema pengo linalohama.

Linahama kwa sababu habari hutunzwa na mwenye haja nayo. Orodha ya majina hubaki kwa kuwa haki ya kutawala hupitia humo. Vita na njaa za wale waliotajwa hazina tena mrithi wa kuzidai.

Madibira pengo limeshabisha hodi. Iko mpakani mwa Wasangu na Wahehe, waliopigana vikali karne ya 19 hadi Wasangu wa mtawala Merere wakasukumwa Usafwa, wakarudi Usangu baada ya Wajerumani kuingia. Leo ni nchi ya mpunga unaonyweshwa na mto Ndembera, na wakulima wengi ni wahamiaji ambao vita hiyo haiwahusu kwa urithi wala kwa shamba.

Ukienda huko na simu yako kumrekodi mzee wa Kihehe, usimuulize tu kilichotokea. Muulize alikisikia kwa nani, wapi, naye huyo alikuwa nani kwake; kisha vuka upande wa pili, uwaulize Wasangu hayohayo.