Hata Da Vinci alibadili fani

Wadau, nina rafiki zangu wanaouza. Mmoja anauza bima, mwingine kompyuta na printa pale Kariakoo. Jioni wanasomea mitandao ya kompyuta, na sasa wanataka kazi za ufundi. Swali lao ni moja: miaka mitano ya kuuza niiandikeje kwenye CV bila kuonekana mwongo?

Jibu langu nimelitoa mbali kidogo, Italia ya karne ya 15.

Mnamo mwaka 1482 hivi Leonardo da Vinci, mchoraji kutoka Florence, alikuwa na miaka 30 hivi. Alitaka kazi kwa Ludovico Sforza, mtawala wa Milan. Rasimu ya barua yake ipo hadi leo, na wapo wanaoiita CV ya kwanza duniani. Angalia alivyoipanga. Hakuanza na picha hata moja! Alianza na madaraja mepesi ya kubebwa na jeshi, akaja kwenye kuondoa maji kwenye mahandaki, mizinga, njia za siri chini ya ardhi, magari ya vita yaliyofunikwa. Uchongaji na uchoraji akavitaja mwishoni kabisa, kama kazi za wakati wa amani. Sforza alikuwa na maadui wa kumtosha. Hakuwa na njaa ya picha.

Je, alidanganya? Hakuna kumbukumbu kwamba aliwahi kuwa mhandisi wa jeshi kabla ya hapo. Lakini alikulia kwenye karakana ya Verrocchio, na karakana hiyo ndiyo iliyotengeneza tufe kubwa la shaba lililopandishwa juu ya kuba la kanisa kuu la Florence mwaka 1471. Pale kulikuwa na kuyeyusha metali, kulehemu, na mashine za kunyanyulia mizigo. Uhandisi ulikuwa umejificha ndani ya kazi yake ya zamani, yeye akautoa nje. Na kama Sforza ana shaka, alisema yuko tayari kufanya majaribio mbele yake.

Basi wewe muuzaji, fukua. Nani alikuwa akimfungia mteja printa na kuiunganisha kwenye mtandao? Nani alikuwa akisikiliza malalamiko na kujua tatizo ni waya au ni programu? Hayo yaweke juu. "Nilivuka lengo la mauzo" ishuke chini, isifutwe. Kisha ongeza kitu ulichokijenga mwenyewe ambacho mwajiri anaweza kukijaribu. Usichokiweza usikiandike, maana siku ya usaili utaambiwa ukifanye.

Ila msitegemee miujiza. Mwaka 1483 Da Vinci alisaini mkataba Milan, na mkataba wenyewe ulikuwa wa kuchora! Ndio uliozaa ile picha ya Bikira wa Miambani. Aliendelea na mashine na michoro ya kihandisi huku brashi ikimlisha. Mwaka 1502 ndipo Cesare Borgia alipomwandikia hati ya kukagua ngome zake kama mhandisi. Hiyo ni miaka 20 baada ya ile barua.

Kwa hiyo kazi ya zamani si aibu ya kufichwa. Inaweza kukulipia kodi ya nyumba wakati mpya inaota mizizi. Au nyie mnaonaje?