Maneno ya Wazee wa Usukuma katika Maktaba ya Mlimani

Miongoni mwa hazina za Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika sehemu iliyotengewa maandishi ya Afrika Mashariki, yamo majalada ya Hans Cory. Bwana huyu, mzaliwa wa Vienna, alikuwa mtaalamu wa elimu ya jamii katika serikali ya kikoloni, naye aliwauliza watemi na wazee habari za ndoa, mirathi, matambiko na ngoma, akaziandika. Usukuma, uliojumlisha wakati huo wilaya za Mwanza, Kwimba, Maswa, Shinyanga na Geita, ulichukua sehemu kubwa ya kazi yake. Mwaka 1951 alitoa kitabu juu ya mila za utemi, na mwaka 1953 kingine juu ya sheria na desturi za Wasukuma.

Kazi hiyo haikubaki rafuni. Wakati wa Uhuru serikali ilikusudia kuziunganisha sheria za mila, na Cory akashiriki. Alifariki mwaka 1962. Mwaka 1963 sheria hizo zikatangazwa, na mojawapo ya kanuni zake ikasema kwamba mjane hana fungu katika urithi iwapo marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Atunzwe na watoto. Mwaka huo huo utemi ulifutwa. Watemi wakaondoka, kanuni zikabaki.

Wajane wawili wa Shinyanga, walionyimwa mali za waume zao, walizipinga kanuni hizo. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba zina ubaguzi, lakini haikuzifuta. Rufani ikatupwa mwaka 2010 kwa kasoro ya utaratibu. Na mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za wanawake ikaamua kwamba haki zao zilivunjwa.

Kwetu sisi, hapo ndipo thamani ya majalada yale ilipo. Mila huzungumzwa barazani, mzee huyu akikubali na yule akikataa, bali sheria iliyopigwa chapa haionyeshi mabishano. Anayetaka kujua ni nani aliulizwa, na ni nani hakuulizwa, hana budi kuanzia kwenye hati zenyewe. Nazo ziko Mlimani, mbali sana na Shinyanga, ambako hata reli hupitia Tabora kwanza ndipo ishike njia ya pwani. Nakala zingalipelekwa huko zamani, wajukuu wa wazee waliohojiwa wangaliweza kuyapima maneno ya babu zao, na wajane nao wangalisikilizwa.