Kanieneo kwenye sufuria ya githeri

Mpishi aliyezoea majiko ya Mombasa akija kupika Burnt Forest, kitu cha kwanza kumshangaza ni maharagwe. Maji yanatokota, povu linamwagika, saa zinapita, na githeri bado ni ngumu. Anaongeza kuni. Maji yanakauka, maharagwe yako vilevile. Mji huu wa barabara kuu ya Nakuru–Eldoret uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na huku maji huchemka yakifika nyuzi 92 hivi za Selsiasi. Kule pwani hufika 100. Moto uchochewe utakavyochochewa, maji yakishachemka joto lake halipandi tena.

Kueleza sababu ni rahisi, mradi tukubaliane tutumie neno gani: presha, shinikizo au kanieneo.

Presha inajulikana na kila mtu, lakini inajulikana kama ugonjwa. Ukisema hewa ya Burnt Forest ina presha ya chini, hukosi mtu wa kukuuliza ni ya kumezewa dawa gani. Fundi wa pancha naye, anayeishi kwa kupima kitu hichohicho mchana kutwa, hukiita upepo. Shinikizo linasikika redioni, la damu na la wanasiasa. Asili yake ni mtambo wa kukamulia mafuta, kwa hiyo wazo la kukandamiza limo ndani yake. Linakosa kitu kimoja tu: kipimo.

Kanieneo ndilo linalopima. Hili ni la wanafizikia, watu wa kizazi kilichotupa pia *Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia* ya TUKI mwaka 1990. Kani, ambayo mitaani ni ubishi wa mtu asiyekubali kushindwa, kwao ni nguvu inayosukuma au kuvuta. Ukiigawanya kwa eneo inaloliangukia, kanuni nzima umeshaitamka. Msimu wa mvua barabara za mashambani zinaithibitisha: trekta zito lenye magurudumu mapana linapita, mkokoteni mwepesi wa magurudumu membamba unazama.

Hewa nayo ina uzito. Burnt Forest imebebeshwa hewa pungufu, kiasi cha robo tatu ya kanieneo la Mombasa, basi mvuke unapata mwanya wa kutoka mapema, kabla maji hayajapata joto la kulainisha maharagwe. Sufuria ya presha inaziba mwanya huo: mvuke unabanwa ndani, kanieneo linapanda, maji yanavuka nyuzi 110 ndipo yachemke, na githeri inaiva.

Wanaoeleza sayansi kwa umma hukosea pande mbili. Wapo wanaomwaga istilahi kama watu wanaosoma hati ya mahakama, na wapo wanaoziogopa kabisa, wakaishia kusema “presha” kwa kila kitu. Mimi ningeanza na upepo wa fundi wa pancha, nipite kwenye sufuria, kisha nilitaje kanieneo msikilizaji akiwa ameshalihitaji. Istilahi haichoshi kwa ugeni wake. Inachosha ikitangulia swali. Na anayepika githeri Burnt Forest swali analo tayari.